Mkokoteni mtupu nao ni mzigo

Muulize muuza mikokoteni yeyote katika magulio ya Usukuma mkokoteni wake unabeba magunia mangapi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize mkokoteni huohuo, ukiwa mtupu, una kilo ngapi, na hapo atanyamaza. Fundi hakuupima alipomaliza kuuchomelea, mnunuzi aliyetangulia hakuuliza, na maksai wanaoujua uzito huo kwa shingo zao hawana pa kuusemea.

Swali hilo ndilo la kwanza kuulizwa na mtu anayechagua kitu cha kukokotwa nyuma ya mvutaji mwenye nguvu ndogo, awe maksai, punda, pawatila au gari dogo la familia. Wengi wetu tunaanza na mzigo: nina magunia haya, nitafute mkokoteni wa kuyabeba, kisha nitafute wa kuuvuta. Hesabu inapaswa kwenda kinyume chake. Anza na anayevuta, toa uzito wa mkokoteni wenyewe, kinachobaki ndicho mzigo wako. Anayepindua hesabu hii huilipa baadaye kwa ng'ombe aliyechubuka shingo au ekseli iliyopinda njiani.

Kiloleli ni mahali pazuri pa kufanyia hesabu hiyo. Ni kata ya Wilaya ya Busega, upande wa Mkoa wa Simiyu unaotazama Ziwa Victoria. Mkoa ulizaliwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Shinyanga na Mwanza, na wilaya hiyo ilimegwa kutoka Magu. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma inapita wilayani, na pale Lamadi inachepuka ya lami kwenda Bariadi. Lakini lami ni uzi mwembamba katikati ya mashamba. Ukiiacha hatua chache tu, unaingia kwenye njia ambazo lori haliingii au likiingia linatoza bei ya kuumiza. Pamba inatoka shambani kwenda kituo cha ununuzi cha AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa mkokoteni. Mpunga, mahindi, kuni, mchanga wa kujengea na mapipa ya maji ya kiangazi navyo husafiri hivyohivyo.

Na si mazao peke yake. Katika miaka ya 1970 na 1980, na hata baada ya hapo, kaya nyingi za Wasukuma zilihama na mifugo kwenda kusini: Rukwa, Usangu, bonde la Kilombero. Wengine walitembea na mikokoteni iliyobeba vyungu, magunia ya mbegu, watoto wachanga na wazee wasioweza mwendo mrefu. Kwa hiyo habari ya nyumba kukokotwa njiani si ngeni kwetu. Waliosafiri hivyo walijifunza kwa miguu yao jambo ambalo mafundi wengi wa mjini hawajaliandika popote: kilo moja usiyoihitaji utaivuta kila hatua mpaka mwisho wa safari.

Tuanze basi na anayevuta. Maksai wa kienyeji aliyekomaa na kulishwa vizuri huwa na kilo zipatazo 300. Wapo wadogo zaidi, hasa mwishoni mwa kiangazi. Kanuni ya tahadhari inayofuatwa na wataalamu wa wanyamakazi ni kwamba ng'ombe anaweza kuvuta kwa saa kadhaa, bila kuumia, nguvu inayolingana na sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa muda mfupi, kama vile kutoka kwenye shimo, anaweza kuvuta mara kadhaa zaidi ya hapo, lakini hawezi kwenda hivyo safari nzima. Jozi yenye kilo 600 kwa hiyo ina nguvu ya kudumu ya kilo 60. Iwazie kama kuvuta kwa kamba ndoo ya kilo 60 kutoka kisimani, ndoo isiyofika juu, saa baada ya saa.

Msomaji atashangaa: kilo 60 zinavutaje mkokoteni wenye magunia matano? Zinavuta kwa sababu gurudumu halinyanyui mzigo, linaubingirisha. Kwenye lami, mkokoteni wa matairi ya upepo unadai takriban asilimia 2 ya uzito wake wote. Kwenye njia ya udongo mgumu na mkavu unadai kama asilimia 4. Kwenye mchanga uliolegea unaweza kudai asilimia 15, na mahali pengine zaidi ya hapo. Halafu kuna mwinuko: kila mita moja unayopanda katika mita 100 inaongeza asilimia 1 juu ya yote hayo.

Wakulima wa Usukuma wana majina ya udongo wao tangu enzi za mababu, na majina hayo yanaweza kutumika kama ramani ya mvuto. Kuna luseni, mchanga wa kwenye miinuko karibu na vilima vya mawe. Kuna ibambasi, udongo unaoshikamana na kuwa mgumu kama sakafu wakati wa ukame. Na kuna mbuga, udongo mweusi wa mabondeni unaopasuka jua likiwaka na kunasa kila kitu mvua ikinyesha. Safari moja ya kutoka shamba la bondeni hadi kijijini inaweza kuvuka aina zote tatu. Mkokoteni unaoteleza vizuri kwenye ibambasi unageuka kisiki mara tu magurudumu yanapoingia luseni, ingawa magunia ni yaleyale na ng'ombe ni walewale.

Hapo ndipo uzito wa mkokoteni mtupu unapojionyesha. Chukua mikokoteni miwili. Wa kwanza una kilo 250: ekseli nzito ya gari kubwa la zamani, ringi za inchi 16, mbao nene, chuma cha pembe kila mahali. Wa pili una kilo 150. Kila mmoja uwekee magunia matano ya mahindi, kilo 500. Kwenye njia ngumu ya udongo, yenye mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, mkokoteni wa kwanza unadai nguvu ya kilo 67.5. Wa pili unadai kilo 58.5. Jozi yetu ina 60. Mmoja unapanda kwa mwendo wa kawaida. Mwingine unapanda kwa fimbo, na anayepigwa fimbo si mwenye kosa. Au geuza hesabu hiyo upande wa pili: tofauti ya kilo 100 kati ya mikokoteni hii ni gunia zima la mahindi. Mwenye mkokoteni mzito analisafirisha gunia hilo kila siku, kwenda na kurudi, na hapati kulila wala kuliuza.

Kwa punda hali ni kali zaidi, nami naomba hapa tusipite haraka. Punda wetu wa kawaida ana kilo kama 120. Wawili wana kilo 240, na nguvu ya kudumu ya kilo 24 kwa kanuni ileile. Kwenye njia ngumu tambarare nguvu hiyo inatosha kwa kilo 600, mkokoteni ukiwamo. Ukiwafungia mkokoteni wa ng'ombe wa kilo 250, mzigo unabaki 350. Ukiwafungia mkokoteni wa punda wa kilo 100, mzigo unakuwa 500. Kwenye mchanga, nguvu yao yote inatosha kwa kilo 160 tu. Yaani mkokoteni wa ng'ombe, ukiwa mtupu kabisa, bila hata kopo la maji, tayari umewazidi. Ukiona punda amesimama kwenye mchanga na mwenye mali anasema mnyama huyu ni mkaidi, pima kwanza mkokoteni.

Punda wamekuwa adimu kiasi cha kuwalinda kwa kila njia. Biashara ya ngozi zao kwenda nje ya bara iliwamaliza katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, hadi viongozi wa Umoja wa Afrika walipokubaliana mjini Addis Ababa, Februari 2024, kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Kumuua kwa mzigo punda aliyeponea kisu ni hasara ambayo kijiji hakiwezi kuifidia kwa msimu mmoja.

Sasa twende kwa fundi. Sehemu inayoamua uzito kuliko zote ni ekseli. Mikokoteni mingi ya kwetu inaundwa kwa vipande vya magari yaliyokufa, na hilo ni jambo la busara: beringi zipo, ringi zinapatikana, matairi yaliyochakaa bado yana kazi. Tatizo ni aina ya ekseli. Fundi akikupa ekseli ya nyuma ya pikapu pamoja na difu yake, amekupa kilo nyingi za giya zisizo na kazi yoyote, zinazozunguka ndani ya oili nzito na kula nguvu ya wanyama wako. Ekseli ya nyuma ya gari dogo linalovuta kwa magurudumu ya mbele ni nyepesi, haina difu, na beringi zake ziko kwenye habu. Hata bomba la chuma lililounganishwa stabu mbili zenye beringi nzima litafanya kazi vizuri, mradi limechomelewa na mtu anayejua kunyoosha. Ekseli iliyopinda kidogo huyafanya magurudumu yaangaliane au yapeane mgongo, na matairi hujisugua ardhini safari nzima.

Jaribio lake ni rahisi, na lifanywe mbele ya muuzaji. Inua upande mmoja, zungusha gurudumu kwa mkono, liache. Gurudumu zuri huendelea kuzunguka kimya. Likikwaruza, beringi imekufa au haina grisi. Kisha lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, uliza bei ya beringi mpya kabla ya kuuliza bei ya mkokoteni.

Ringi za inchi 13 au 14 za magari madogo zinatosha kwa mkokoteni wa jozi moja. Ni kweli gurudumu kubwa hupita mashimo na mchanga kwa urahisi kuliko dogo, na anayeishi katikati ya luseni ana haki ya kutaka kubwa. Lakini apime faida hiyo dhidi ya kilo anazoongeza. Magurudumu ya pikipiki nayo yameanza kupendwa kwa mikokoteni ya punda kwa sababu ni mepesi na marefu. Kwa mizigo midogo kwenye njia nzuri yanafaa. Kasoro yake ni kwamba spoku za pikipiki hazikuundwa kuhimili msukumo wa ubavuni: pikipiki hulala kwenye kona, mkokoteni haulali. Ukiukatisha kona ukiwa umejaa, spoku zinakatika.

Bodi ni mtego mwingine. Watu hupenda bodi pana, ndefu na yenye kuta, kwa kuwa inaonekana ina thamani. Chukua bodi ya urefu wa mita 2, upana wa mita 1.2, kuta za sentimita 40. Ijaze pamba iliyotoka kuchumwa na uzito wake haufiki robo ya ule wa mchanga wa ujazo huohuo. Ijaze mahindi yaliyopukuchuliwa na unakaribia kilo 700. Ijaze mchanga wa kujengea na umepita tani moja na nusu. Bodi haikuonyi. Kijana aliyetumwa mchanga atajaza mpaka ukingoni, maana ndivyo alivyofanya jana kwa pamba. Kwa hiyo kama mkokoteni wako utabeba mchanga na maji mara nyingi kuliko pamba, ukubwa wa bodi uwe ndio kizuizi: itengenezwe ndogo, na siku ya pamba iongezwe fremu nyepesi ya fito za kushikilia marobota. Kwa maji hesabu ni rahisi kuliko zote, kwani lita moja ni kilo moja. Pipa moja ni kilo 200 na ushee. Mapipa mawili na mkokoteni mzito yanatosha kuwachosha punda wawili hata njia ikiwa nzuri. Na kwenye magunia, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ni adui wa mnyama kama ilivyo adui wa mkulima. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na anayelivuta angeunga mkono sheria hiyo kwa nguvu zote.

Kisha mizani ya mbele na nyuma. Mkokoteni wa magurudumu mawili ni wenzo wenye kitovu kwenye ekseli. Mzigo ukikaa nyuma sana, mti wa kuvutia unanyanyuka, kamba za nira zinawakaba wanyama kooni. Ukikaa mbele sana, nira inawakandamiza shingoni. Kilo chache za kukandamiza ndizo zinazotakiwa, ili mti usirukeruke. Hesabu yake inaonyesha jinsi kosa dogo linavyokuwa kubwa: mzigo wa kilo 500 ukiwa na kitovu chake sentimita 10 mbele ya ekseli, na nira ikiwa mita 3 kutoka ekseli hiyo, shingo zinabeba kama kilo 17. Kitovu hicho kikiwa sentimita 30 mbele ya ekseli, shingo zinabeba kilo 50. Fundi anayejua kazi huweka ekseli nyuma kidogo ya katikati ya bodi, na mpakiaji anayejua kazi huinua mti kwa mkono baada ya kupakia, kabla ya kuwafunga wanyama. Ukihitaji watu wawili kuuinua, shusha, panga upya.

Nira yenyewe ni ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, na nira inaegemea mbele ya nundu hiyo. Punda hana nundu. Ukimvisha nira ya ng'ombe, mti unamkaa kwenye mfupa, na kidonda kinafuata. Punda huvuta kwa kifua. Anataka mkanda mpana wa kifuani, laini upande wa ndani, na mkanda mwingine wa nyuma unaozunguka mapaja kumsaidia kuuzuia mkokoteni wakati wa kushuka. Mikanda hiyo inaweza kushonwa kwa turubai au mpira laini wa tyubu uliofunikwa kitambaa. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya dawa ya kidonda.

Kushuka ndiko kunakosahaulika kabisa. Nimesema habari ya kupanda kana kwamba ndiko kugumu, lakini kupanda humshinda mnyama akasimama. Kushuka humshinda akaanguka. Mikokoteni mingi haina breki. Kipande cha mbao kigumu kinachobanwa kwenye tairi kwa mkono wa chuma au kamba ni kazi ya saa chache kwa fundi, na kinaongeza kilo chache tu. Hizo ni kilo ninazozikubali. Vilevile vioo vya kuakisi mwanga vyekundu nyuma na vyeupe mbele, maana mikokoteni huingia barabara kuu wakati wa magharibi ikirejea nyumbani, na dereva wa basi anayetoka Musoma hawezi kuona mbao nyeusi gizani.

Wenye pawatila nao wana somo lao katika mteremko. Mashine hizi zilisambaa wilayani mwetu na kwingineko nchini hasa baada ya mpango wa Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009. Nyingi zina injini ya nguvu farasi 12 hadi 16, na baada ya msimu wa kulima hufungwa tela zikawa chombo cha usafiri. Injini inao uwezo wa kuvuta mzigo mwingi tambarare. Udhaifu uko kwenye breki na usukani. Pawatila hukata kona kwa klachi mbili za mkononi. Ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto linapoteza nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, na mashine inakwenda kushoto. Hivyo ndivyo dereva alivyozoea. Mteremkoni, tela lililojaa linapokuwa ndilo linalosukuma, mambo hugeuka: gurudumu la kulia linazuiwa na injini, la kushoto liko huru linakimbia, na mashine inakata kulia. Dereva anabana zaidi, inakata zaidi, na tela linajikunja juu yake. Kwa hiyo tela la pawatila lichaguliwe jepesi, lenye breki yake yenyewe ya mguu, na dereva ashuke kwa giya ndogo bila kugusa klachi hizo. Asiyefundishwa jambo hili asipewe tela lenye mzigo, hata kama amelima ekari nyingi kwa mashine hiyohiyo.

Wenye magari madogo nitawajibu kwa ufupi. Wapo wanaoomba wachomelewe ndoano nyuma ya gari la familia ili wavute tela la mizigo. Fungua kitabu cha gari. Kama kinataja uzito wa kuvuta, uzito huo ni wa tela pamoja na kilichomo. Kama hakitaji, au kinakataza, jibu ni hapana, hata kama injini ina nguvu, kwa sababu breki, giya na bodi ya gari havikuandaliwa kwa kazi hiyo. Na ndoano isichomelewe kwenye bampa. Ifungwe kwa bolti kwenye chesisi.

Wenzetu wa Ulaya walijifunza hesabu hizi kwa njia ya starehe. Mwaka 1885, daktari na mwandishi wa Kiskoti, William Gordon Stables, aliagiza kiwanda cha Bristol Wagon Works kimtengenezee nyumba ya magurudumu ya kusafiria kwa burudani. Aliiita The Wanderer. Ilikuwa nzuri, yenye samani na vitabu, na ilikuwa na uzito wa karibu tani 2. Farasi wawili waliivuta kutoka kusini mwa Uingereza hadi Inverness, Uskoti, huku mtumishi akitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia njia. Magari yalipochukua nafasi ya farasi, watengenezaji walilazimika kupunguza uzito, maana gari la mtu wa kawaida halikuweza kuvuta jumba. Leo nchini Uingereza anayeanza kuvuta karavani hushauriwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake, na katika nchi za Umoja wa Ulaya leseni ya kawaida ya gari inamruhusu mtu tela la hadi kilo 750 bila masharti zaidi. Kila tela linalouzwa huko lina kibati kinachotaja uzito wa juu linaoruhusiwa kufikia likiwa na mzigo. Watalii wenye matela ya kulala wanaopita Lamadi kwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka wanayo namba hiyo kwenye kibati. Mkulima wa Kiloleli, ambaye mkokoteni ni riziki yake, hana.

Hapa lawama si ya fundi peke yake. Fundi huuza kinachopendwa, na kinachopendwa ni chuma kingi. Mnunuzi akigonga bodi ikalia nzito, anaridhika kwamba mkokoteni utadumu. Najua kwa nini: mkokoteni ni fedha ya msimu mzima wa pamba, na hakuna anayetaka kitu kitakachovunjika mwaka wa pili. Lakini mkokoteni haudumu kwa wingi wa chuma. Unadumu kwa chuma kuwekwa mahali penye mkazo, yaani pale ekseli inaposhikana na fremu na pale mti wa kuvutia unapoanzia. Sehemu nyingine zote zinaweza kuwa mbao nyepesi zilizokauka vizuri. Na mkokoteni mzito huvunjika upesi kwa sababu yake wenyewe, maana kila shimo unaloingia linaupiga kwa uzito wake.

Uamuzi wangu basi, kwa mwenye jozi moja ya maksai wa kawaida katika njia za Kiloleli: mkokoteni usiozidi kilo 150 ukiwa mtupu, ekseli isiyo na difu, ringi za inchi 13 au 14, bodi ya ukubwa wa kiasi, breki ya mbao, na mzigo usiozidi kilo 500 kwenye njia yenye mwinuko. Penye luseni, pakia nusu ya hapo, rudi mara ya pili. Kwa mwenye punda wawili: kilo 100 kwa mkokoteni, na mzigo wa kilo 300 kwenye njia ngumu, ili ibaki akiba ya nguvu kwa mwinuko; kwenye mchanga wabebe kidogo sana au wapumzike. Mbuga ikilowa, hakuna mkokoteni mwepesi wa kutosha. Subiri ikauke.

Kupima si kazi ngumu. Viwanda vya kuchambua pamba vina mizani ya kupimia malori, na vituo vya AMCOS vina mizani ya kupimia pamba. Mkokoteni mzima unaweza kupimwa kiwandani kwa dakika chache. Pasipo na kiwanda, unaweza kufunguliwa vipande vitatu, yaani magurudumu na ekseli, bodi, na mti wa kuvutia, kila kimoja kikapimwa kituoni, kisha ukajumlisha. Nawaomba viongozi wa AMCOS za Busega na maafisa ugani wa halmashauri watenge siku moja kabla ya msimu wa ununuzi kuanza, wenye mikokoteni waje wapime bure. Nawaomba mafundi wa kuchomelea waandike kwa rangi, kwenye ubao wa nyuma wa kila mkokoteni unaotoka kwao, kilo zake ukiwa mtupu. Na wewe unayenunua mwaka huu, uliza kilo hizo kabla ya kuuliza magunia. Fundi asipozijua, nenda naye kwenye mizani kabla hujalipa.